Rangi Nyeusi Isiyochoma

Gereji, Manundu,
Korogwe.
2 Juni 2024

Mpwa wangu Munira,

Pokea marahaba kabisa, maana najua shikamoo yako iko njiani. Mimi ni mzima, tena mzima wa kupitiliza. Jana dereva mmoja wa bodaboda kaniuliza kama nimeshafika arobaini. Nikamwacha na imani yake, sikutaka kumvunja moyo. Mwanangu Ramadhan, ndugu yako, kapiga simu kutoka Dar, kazi ya umeme anaendelea nayo na bado hajapigwa shoti. Mvua huku imekatika na mto umerudi kwenye adabu zake. Mguu wa mama, bibi yako, unaendeleaje? Mwambie ile dawa ya kuchua nitaileta. Sijasahau, nimechelewa tu, kama watu wakubwa wanavyochelewa.

Utajiuliza mjomba ana simu mbili, kwa nini anaandika. Naandika kwa sababu simu ya bibi yako haina siri. Ukisema "halo" huku Manundu, huko Sindeni wanaitikia mpaka waliokwenda kuteka maji. Pili, nilipokuwa utingo wa malori nilizunguka Lusaka, Lubumbashi, Kampala, na kila mji niliacha mtu anayesifia mwandiko wangu. Shule niliishia darasa la tano, lakini kalamu haikujua.

Sasa jambo lenyewe. Kuna bibi harusi mmoja hapa mtaani, jina lake Mwaija, fundi cherehani, mjane aliyeketi kwa heshima miaka mingi. Mwanamke huyo, Munira, akikata kitambaa hapimi mara mbili. Kapata mchumba. Mchumba mwenyewe namfahamu vizuri, ni mtu mzuri sana, mcheshi, ana sura na anajua dunia. Tatizo siyo mchumba.

Tatizo ni mikono. Sikukuu ya Idd alikwenda saluni kupambwa, wakamchora kwa piko, ule unga wa kopo wa kupaka nywele, ili maua yatoke meusi haraka. Usiku mkono wa kushoto ukawaka moto, asubuhi malengelenge yamejaa kama maandazi kwenye mafuta. Kapona, lakini baka limebaki. Sasa anasema hapakwi tena kitu chochote na mtu yeyote. Na kaka yake, Mdoe, anasema, "Dada yangu hatoki kwangu mikono mitupu, kama mtu aliyefumaniwa akafungishwa ndoa ya mkeka. Asipopambwa, siku sipangi." Huyu hataki kupakwa, yule hataki kumtoa bila kupakwa. Bwana harusi yupo katikati kama tairi kwenye tope.

Nimewaambia watu hapa kwamba kutoka Handeni mpaka baharini hakuna mchoraji kama mpwa wangu, na kwamba rangi zako unazitoa kwenye miti. Usinivunjie heshima. Nitumie hina yako nzuri na uniambie kama nyeusi inawezekana bila moto.

Mimi mjomba wako ninayejulikana,
Sabiri


Sindeni,
Handeni.
13 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo, ingawa marahaba umeshaitoa. Bibi hajambo, mguu unauma jioni tu, na amesema dawa ya kuchua aliyoahidiwa mwaka juzi hata ikija sasa itakuwa imekwisha muda. Mahindi yamekauka vizuri, tunavuna wiki ijayo. Mbuzi wa jirani waliingia kwenye ua wangu wa mihina wakaonja, hawakurudia.

Barua yako aliileta Tiampati, kaka yake rafiki yangu Naeku wa boma la Wamasai, na kifurushi hiki namkabidhi yeye. Anashuka Korogwe siku za mnada.

Ndani kuna unga wa hina. Majani niliyachuma mwenyewe nikayaanika kivulini, maana jua linakula rangi, nikatwanga na kuchekecha kwa kanga kuukuu mpaka ukawa laini kama poda. Mkoroge kwa maji ya ndimu na chai ya rangi iliyokolea, sukari kidogo ili ishike, uache mpaka uone ukijani wa juu umegeuka kahawia. Usiweke petroli, mjomba. Najua mafundi wa huko wanaweka ili ikolee. Usiweke hata tone.

Apakwe kidogo kwanza kwa ndani ya mkono, asubiri siku mbili. Rangi itaanza kama chungwa, asiogope, itakwenda ikigeuka mpaka ifike kwenye wekundu wa udongo.

Kuhusu nyeusi: hina halisi haitoi nyeusi. Anayekuambia hina yake ni nyeusi kwa saa moja, mwangalie kopo lake. Huo ndio ukweli wangu wa leo.

Huyo bwana harusi umemsifu mistari mingi kuliko bibi harusi, na jina hukumtaja. Ni nani?

Mpwa wako,
Munira


Manundu.
27 Juni 2024

Munira mwanangu,

Hapa ni salama, Idd ya kuchinja imepita na tumbo langu limepita nayo. Tiampati kafika na kifurushi akiwa na shuka lake la lubega na miwani ya jua, nikampa chai. Akaniambia pikipiki yake inakohoa. Nikaisikiliza kwa sikio moja tu nikamwambia ugonjwa. Alishangaa. Wote hushangaa.

Sasa nisikilize. Ile hina, Munira! Nimewahi kuiona ya Sudani ikiuzwa Kampala kwenye makopo ya dhahabu, nikaona ya Kihindi pale Mombasa. Yako imezikalisha zote chini. Nilikoroga mwenyewe gerejini, mafundi wananicheka, nikajipaka kwenye kiganja, maana bibi yako alitufundisha kwamba usimpake mtu kitu ambacho hujajipaka. Siku ya kwanza rangi ya chungwa, nikanyamaza. Siku ya pili asubuhi kiganja chekundu kama tofali la kuchomwa! Na mkono huu umezoea grisi na oili chafu miaka yote. Nikautembeza mtaa mzima. Kinyozi kaniuliza kama nimeolewa.

Nikampelekea Bi Mwaija unga uliobaki. Alinusa, akasema, "Hii inanukia kama nyumbani kwetu zamani." Akajipaka kidogo, ndani ya mkono kama ulivyoagiza. Haikumwasha. Lakini alipoweka tone pembeni mwa baka, ngozi ya baka ikashika rangi vipandevipande. Akaniangalia akasema, "Nyekundu nzuri, Sabiri. Lakini hapa itachora ramani, na kila mtu atasoma."

Ndipo nikajua anachotaka hasa. Siku za karibuni mabibi harusi wa mjini wanajazwa wekundu halafu mistari myembamba myeusi inazunguka. Yeye pia anataka mistari hiyo, Munira, ila hasemi. Kila akishona gauni la harusi la mtu mwingine namwona anavyovuta ukanda mweusi juu ya kitambaa kwa kidole, taratibu, kama anajichora.

Mdoe naye kakaza. Anasema mwezi wa Maulidi ukipita bila mambo kueleweka, kila mtu ashike lake.

Umeuliza bwana harusi ni nani. Ni mtu wa hapahapa, wa makamo, wa makamo ya chini. Hilo tuliache.

Tafuta nyeusi. Ukikosa wewe, haipo.

Mjomba wako,
Sabiri

Nyongeza: Kwa nini usije mwenyewe? Chumba chako kipo vilevile.


Sindeni.
18 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Tulivuna, tukapukuchua, bibi akaumwa kifua akapona. Na mengine.

Nyeusi nimeipata, au Naeku kanipatia. Huwa ananiletea maziwa asubuhi. Nilimweleza shida yangu akacheka, akaniambia bibi yake alijichorea mashavuni kwa tunda moja la korongoni alipokuwa msichana. Tukaenda wote. Mti mdogo, majani ya kung'aa, tunda la kijani gumu kama limao changa. Lazima liwe bichi, likiiva halifai kitu. Tukakwangua nyama yake, tukakamua kwenye kitambaa. Maji yakatoka meupe tu. Nikajichora jani kwenye paja, sikuona kitu. Nikasema Naeku kanichezea. Kesho yake nikioga, jani limekaa pale, jeusi lenye ubluu ndani yake, kama wino wa kalamu yako. Nilikaa chini bafuni nikaliangalia. Lilidumu mpaka wiki ya pili ikawa inaisha, likafifia na ngozi yenyewe. Halikuwasha wala halikuvimba. Nikajaribu tena kwa Naeku, tena kwa bibi, maana bibi alitaka na yeye nyota kwenye kisigino.

Kwenye chupa hii ndogo kuna kidogo cha kujaribu. Tafadhali soma hapa mara mbili: apakwe tone moja, mahali panapofichwa na nguo, kisha ASUBIRI MPAKA KESHO. Leo hataona kitu. Usiongeze kwa sababu hujaona. Ikishashika haitoki kwa sabuni, wala ndimu, wala mafuta ya taa. Nawe, uvae mfuko wa nailoni mkononi unapoigusa.

Kuhusu kuja, bado. Kuna jambo ulilonyamazia, na mimi nimenyamazia kwamba najua umelinyamazia. Tukae hivyo mpaka mmoja achoke.

Munira


Manundu, chumbani kwangu, pazia limefungwa.
26 Agosti 2024

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, damu yangu,

Salamu nitakupa fupi kwa sababu nina aibu. Sote wazima wa mwili. Kwa upande wa uso, nisikilize.

Chupa ilifika Jumamosi mchana, jua limekaa utosini. Barua niliisoma, nakuapia niliisoma, lakini niliisoma kama mtu anayejua mwisho wake. Mafundi wakakusanyika. Nikawaambia, "Njooni muone sayansi ya mpwa wangu." Nikajipaka tone kwenye mkono. Tukasubiri. Nikanywa kikombe cha chai. Hakuna kitu. Nikapaka tena. Hakuna. Mmoja wao, Yordani, yule mwenye mdomo, akasema, "Mzee Sabiri, umeletewa maji ya tango." Wote wakaangua kicheko. Nami, badala ya kukasirika, nikaamua kuwachekesha zaidi, kwa sababu ndiyo maradhi yangu. Nikamimina chupa yote kwenye viganja, nikasema, "Kama ni maji, basi yanipooze," nikanawa uso. Nikapangusa na shingo. Palikuwa na joto, Munira. Nikanawa vizuri kabisa, kama mtu anayetawadha.

Jioni nikaswali, nikala, nikalala. Jumapili asubuhi nilikuwa na miadi kwa Mdoe kupanga siku. Nikaoga gizani, umeme ulikuwa umekatika, nikavaa kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, nikajipulizia manukato. Njiani watu wananisalimia na kugeuka. Nikasema moyoni, leo nimependeza. Mzee mmoja akaniambia, "Pole na msiba wa moto." Nikamjibu ahsante, nikidhani ni mambo ya uzee.

Nikafika kwa Mdoe. Nikagonga. Mdoe kafungua mlango, kaniangalia, kaufunga.

"Mdoe, ni mimi, Sabiri!"

"Sabiri gani?"

"Sabiri wa gereji!"

"Una uhakika?"

Akaniletea kioo mlangoni. Mwanangu, paji la uso, mashavu, shingo mpaka sikio la kulia, kote rangi nyeusi na bluu, kama sufuria ya ubwabwa wa shughuli. Mabaka meupe mawili tu, pale nilipofumba macho. Na mikono, ambayo njiani nilidhani ni grisi ya kawaida, yote miwili kama nimevaa glovu.

Wazee wa ukoo wao walikuwa wamekaa mkekani, wamejipanga. Nikaingia, nifanyeje? Nikakaa. Mdoe akakohoa akasema, "Bwana Sabiri, sisi tulitaka bibi harusi apakwe. Hatukumwomba bwana harusi."

Basi, Munira. Nimeshaliandika, lipo kwenye karatasi. Bwana harusi ni mimi. Najua ulijua. Sikuweza kukuambia wewe, kwa sababu marehemu mke wangu, Mama Ramadhan, alikulea tangu dada yangu afariki ukiwa hujaanza shule, na vidole hivyo unavyochorea alivishika yeye. Kila nikianza kuandika "naoa," niliona uso wako siku ile tuliporudi kumzika, ulivyofunga sanduku lako ukaenda Sindeni kwa bibi bila neno. Nimepita mipaka ya nchi nne na trela linayumba nyuma. Nilichoogopa ni wewe tu.

Lakini sijamaliza. Wazee wakaanza kuguna. Mmoja akasema ni dalili mbaya, shughuli iahirishwe. Mimi nimeinama, natazama mikono yangu myeusi juu ya kanzu nyeupe. Mara pazia la ndani likafunguka na Mwaija akatoka, jambo ambalo halifanywi, mbele ya wazee wake wote. Akapiga magoti mbele yangu akanishika shavu kwa mkono uleule wa baka. Akalibinya kama anayechagua parachichi.

"Inawasha?"

"Haiwashi."

"Jana ilichoma?"

"Kilichonichoma ni hiki kikao."

"Umevimba mahali?"

"Kichwa tu, na hicho nilizaliwa nacho."

Akaleta shingo yangu kwenye mwanga wa dirisha, akanichungulia nyuma ya sikio. Akapitisha ukucha, rangi haikutoka. Halafu bega lake likaanza kutikisika. Nilidhani analia. Munira, alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akakaa chini, akashika mbavu, na mzee mmoja akaambukizwa, halafu mwingine, mwisho Mdoe mwenyewe kaegemea ukuta anafuta machozi. Alipopata pumzi akasema, "Kaka, rangi iliyolala usiku kucha kwenye uso wa mwanamume huyu bila kumtoa lengelenge, mimi naikubali. Mwambieni huyo binti aje."

Siku imepangwa: Ijumaa tarehe ishirini Septemba, baada ya Maulidi.

Sasa anayetakiwa ni wewe. Mtu mwingine akija na koni yake ya hina, Mwaija hatoi mkono, amesema wazi. Usipokuja hakuna harusi, na sitakulaumu. Nitakuwa mchumba wa mtu mpaka nizikwe, hali ambayo nayo ina heshima yake.

Gereji nakwenda nimefunga kilemba mpaka puani kama Mtuareg wa jangwani. Nawaambia wateja ni vumbi.

Mjomba wako mweusi,
Sabiri


Sindeni.
5 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma kwa sauti. Bibi alicheka mpaka tukampa maji, akaniomba niirudie pale pa kioo. Naeku ameomba nikuandikie: kwao tunda lile ni la kujichorea mashavu, siyo la kuogea.

Najua utataka kujua kama kuna dawa ya kuitoa rangi. Hakuna. Ni ngozi yako tu kuchoka. Utakuwa umeanza kufifia madoamadoa kwa siku hizi, kama ng'ombe wa Tiampati. Siku ya ndoa utakuwa safi, au karibu.

Nilijua tangu barua ya kwanza. Mtu hasifu mkato wa kitambaa wa mwanamke asiyemtaka. Na Ramadhan alipomsalimia bibi kwenye simu ya Idd alisema "mama mpya," akadhani najua. Nilikaa na neno hilo msimu mzima wa mavuno. Siyo kwamba sikutaka uoe. Umeishi peke yako kwa mkate na chai miaka minne, na sisi tunakujua, usingekufa njaa, ungekufa kwa kukosa wa kumsimulia. Kilichoniuma ni kwamba ungeoa nami ningetumwa kuchora mikono ya mgeni bila kuambiwa namchorea nani. Mama Ramadhan alikuwa akinishika kidole tunachora juu ya jani la mgomba kwa kijiti. Alisema huchori mkono, unamchora mwenye mkono, kwa hiyo uliza kwanza ni nani. Ningemchoraje nisiyeambiwa?

Sasa umeniambia. Nakuja Jumanne ile ya wiki ya harusi, na matunda mabichi, kwa sababu maji yake hayakai, na unga mpya wa hina. Piko isiwepo ndani ya nyumba ile hata kwenye kopo tupu. Wewe usikanyage uwani mpaka uitwe.

Na mwambie Bi Mwaija baka lake sitalifunika. Silipaki kitu. Nina wazo lingine.

Munira


Sindeni.
25 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo kwa Bi Mwaija. Nimefika salama, bibi hajambo, amedai ndizi zote mlizonipa ni zake.

Pale stendi uliniuliza huko ndani kulikuwaje, nikakuambia nitaandika. Nyie wanaume mlisikia nyimbo tu.

Usiku wa Jumatano nilimchora wekundu, mikono na miguu, wanawake wakaimba, kila mtu akafurahi. Alhamisi asubuhi nikabandua hina iliyokauka, nikampaka mafuta ya nazi, halafu nikaanza na maji ya tunda kwa kijiti chembamba. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nachora, na hakuna kinachoonekana! Ninafuata mstari nilioupitisha kwa kumbukumbu tu, kwa sababu unakauka na kupotea. Wifi zake wamesimama juu yangu. Mmoja akasema, "Huyu anachora hewa." Mwingine akasema wazi kwamba saluni ya mjini bado iko wazi na piko inakolea kwa saa moja. Tunda lingenigeuka siku hiyo, mjomba, kukakucha siku ya ndoa na mistari haipo, ningekuwa nimekuaibisha wewe na nyumba yetu.

Bi Mwaija alifuata kijiti changu kwa macho mpaka nilipofika kwenye baka. Nililiacha wazi, nikalizungushia petali, petali ndogondogo zisizoonekana. Akaniuliza pole pole, "Hapo umeweka nini?" Nikamwambia, "Ua. Baka ndilo katikati yake." Akafumba macho. Kisha akawaambia wifi zake, "Tokeni nje mkapike. Mimi na mwanangu tunaongea." Hatukuongea. Alikaa na mikono yake magotini mpaka jioni, haioneshi kitu zaidi ya wekundu, na kila aliyechungulia alimjibu, "Imeshachorwa. Ninyi ndio hamjaona."

Alfajiri mlisikia vigelegele. Mimi sikupiga, nilikuwa nimelala sakafuni nimechoka. Aliniamsha yeye, kwa mguu, maana mikono aliishika juu kama mtu anayeomba dua. Mistari yote ilikuwa imekuja. Hata ile niliyodhani nimeikosea.

Nilipokuwa naaga alinishika kichwani akasema nyumba ile ni ya Mama Ramadhan kwanza, yeye amekaribishwa tu. Nikainama kufunga mkoba wangu. Mwambie wewe kwamba nimesikia, na kwamba nikija mwezi wa kumi na mbili nitamwita mama bila kuambiwa.

Mpwa wako,
Munira


Manundu.
7 Oktoba 2024

Mchoraji mkuu wa mikoa yote, Munira,

Marahaba, marahaba, na Mwaija anaitikia kwa sauti kuliko mimi. Nilimsomea barua yako. Aliisikiliza akiwa kwenye cherehani, ikafika pale pa mwisho akasimamisha mguu. Aliondoka akaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshaanikwa.

Mji huu umeongea, mwanangu. Watu wamekuja nyumbani wakijifanya wanaleta vitambaa kushonwa, wanataka kuona mikono. Nimeketi mlangoni kama mwenye maonesho. Nawaambia nimeona kaburi la mfalme Kampala na minara ya Mombasa, lakini ua lenye baka katikati sijaliona popote. Mwenye saluni ile kaja pia, kalitazama ua kwa karibu, akauliza mchoraji anakaa wapi. Nikamwambia aandike barua, wewe simu huzipendi. Jiandae.

Mimi uso ulishatakata, doa la mwisho lilikuwa nyuma ya sikio. Mwaija alinikataza kulisugua.

Kuna habari moja ambayo Yordani asiijue, wala mafundi wengine, wala Tiampati. Siku ya kwanza ya ndoa nilimwona Mwaija akinyanyua sufuria ili aisugue na mchanga. Nikaona petali zile, nikaona mchanga. Nikamnyang'anya. Nikamwambia kwamba huko Lubumbashi wanaume ndio wanaoosha vyombo, jambo ambalo sina hakika nalo. Toka hapo vyombo naosha mimi, na nguo nafua mimi, mlango wa uani umefungwa. Mikono yangu ya grisi inatoa masizi kwenye sufuria mpaka unajiona meno. Sijawahi kufanya kazi ya fundi safi kama hiyo, na hakuna mtu ninayeweza kumringia isipokuwa wewe.

Jana mistari myeusi ilimalizika. Nyekundu ilishatangulia. Likabaki baka peke yake, na mikono yake ya kila siku. Baada ya chakula cha usiku akaninyooshea yote miwili kwenye taa, akaigeuza nyuma na mbele, akasema, "Haya, Sabiri, maua yameisha. Lete sufuria."

Nikamwambia kaa tu, hii nimeshaizoea.

Mjomba wako,
Sabiri